Konrodi Nne na Mafuta ya Kondoo

Harufu ya mafuta taa hainiachi nikakaa. Wenzangu wa rika langu huwakumbusha koroboi na kusomea mtihani, wakatabasamu. Mimi huniinua kitini. Mwezi uliopita jirani alimwaga kidogo kwenye ngazi akijaza stovu, nikajikuta nimetoka nje na kuzunguka ploti mara tatu, malapa tofauti miguuni. Mume wangu anadhani ni mzio. Nimemwacha adhani hivyo, kwa sababu habari yenyewe ni ndefu, na kuna mtu ndani yake ambaye nisingeweza kumtaja akiwa bado hai.

Baba alikuwa fundi wa injini Kitengela, siku zile mji ukiwa bado mstari mmoja wa maduka kando ya barabara ya Namanga na nyuma yake nyasi tu. Gereji yake ilikuwa mabati machache na mgunga mmoja wa kivuli. Riziki yetu ilitoka kwa malori yaliyobeba mawe ya machimbo, ambayo injini zake ziliharibika kwa uaminifu kabisa, lakini moyo wa Baba haukuwa kwenye malori. Ulikuwa kwenye gari dogo jekundu la Mjomba Leshan, mdogo wake Mama. Wawili hao walikuwa wamelitengeneza likimbie kuliko lilivyozaliwa, wakawa wanalipeleka kwenye mashindano ya vumbi huko nyanda za Kajiado. Leshan alikuwa dereva. Baba alikuwa yule mtu anayesimama kando ya njia amekunja mikono, anasikiliza.

Leshan alikuwa kitinda mimba wa nyanya yetu, Kokoo, na Kokoo aliishi naye katika nyumba ya vyumba viwili, mwendo wa dakika kumi kutoka gereji. Sasa hapa nieleze jambo ambalo nilichelewa kulielewa. Mama alikuwa Mmaasai na Baba Mkamba, na katika mengi hawakufanana, lakini makabila yao yalikubaliana kwa hili moja: mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Wamaasai huita heshima hiyo enkanyit, Wakamba huiita nthoni, na kwetu zote mbili zilikaa nyumba moja. Kokoo akija kutusalimia, Baba alikumbuka lori la kuingia chini yake. Baba akipita karibu na nyumba ya Leshan, Kokoo alijifunika shuka kichwani na kugeukia ukuta. Mimi, kwa akili ya miaka tisa, niliamini wamekosana. Niliwaombea katika shule ya Jumapili wapatane, tena kwa majina.

Kwa kuwa hawakusemezana, mimi nikawa posta yao. Kokoo alinituma kwa Baba na Baba akanituma kwa Kokoo, nami nikakimbia katikati ya nyasi nikiyarudia maneno nisije nikayamwaga njiani. Mara moja tu nilipeleka yasiyotumwa. Tulikuwa tunakula, nikamwambia Baba kwamba Kokoo amesema miguu yake ni myembamba kama ya korongo. Baba aliinama juu ya sahani. Mama alinifinya paja chini ya meza mpaka machozi yakanitoka, na baadaye jikoni akaniambia, "Ya Kokoo hubaki kwa Kokoo. Ukibeba yale hujatumwa, unamvua mama yangu nguo mbele ya mkwe wake. Umesikia?" Nilisikia. Alama ya kidole ilikaa siku mbili.

Kisha injini ikatoboka. Leshan alikuwa analijaribu gari kwenye barabara ya vumbi nje ya mji, na konrodi moja ikakatika. Konrodi, kwa asiyeijua, ni kipande cha chuma cha urefu wa mkono wa mtoto kutoka kiwiko hadi vidole, tundu dogo upande mmoja na kubwa upande wa pili. Huku inashika pistoni, huku inashika krenki, ule mhimili mzito unaozunguka chini ya injini, na kazi yake ni kusukumwa na kuvutwa maisha yake yote bila kupumzika. Ikikatika injini ikiwa kasi, hutafuta pa kutokea. Hii ilitokea ubavuni, ikaacha tundu la kupitisha ngumi. Oili ya moto ilimwagika ikashika moto, na Leshan akaruka nje suruali yake ikifuka moshi. Alirudi anacheka, lakini mguu ulikuwa umeiva kuanzia goti kwenda chini, na Kokoo ndiye aliyeuosha.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyetulia kwetu. Mashindano ya Kajiado yalikuwa yamekaribia na Leshan hakutaka kusikia habari ya kungoja mwaka mwingine. Baba akaunda injini nyingine tokea chini, na usiku na mchana mazungumzo yakawa ni konrodi gani na krenki gani. Alikuwa na seti tatu za kuchagua. Ya kwanza zilikuwa konrodi za kiwandani, sawa na ile iliyokatika, ambazo fundi mwingine angezing'arisha tu na kuomba Mungu. Ya pili zilikuwa mpya za ng'ambo, nzuri kuliko zote, na kwetu zilikuwa picha tu aliyoikata kwenye gazeti la magari na kuibandika ukutani kwa grisi. Zisingefika kabla ya mashindano hata zingeagizwa siku hiyo. Ya tatu zilikuwa za chuma cha kufuliwa, pamoja na krenki yake, zilizotolewa kwenye gari la mbio lililostaafu huko Nairobi. Mwenyewe alisema hazina kasoro, lakini kila muuzaji husifu chake.

Baba alinifundisha kutofautisha. Aliniwekea krenki ya zamani mapajani, nzito karibu inivunje, akapitisha kidole changu ubavuni mwake.

"Unasikia hii laini nyembamba, Mwaitu?" Aliniita Mwaitu, yaani mama yangu kwa Kikamba, kwa sababu nilipewa jina la mamake. "Hii ni ya kumwaga. Chuma iliyeyushwa ikamwagwa kwa kalibu kama uji. Sasa ile ya Leshan atakuja nayo iko na laini pana, kama kidole. Hiyo imefuliwa. Imepigwa nyundo ikiwa moto mpaka ikakubali. Ya kumwaga ikichoka inakatika. Ya kufuliwa inavumilia."

"Haiwezi kukatika?"

"Kila kitu iko na mwisho. Lakini hiyo lazima kwanza ioneshe ufa. Na ufa mimi nitaiona."

Hayo ndiyo maneno niliyopenda kuliko yote: ufa mimi nitauona. Macho ya Baba yalikuwa na sifa kutoka Athi River mpaka Namanga. Madereva waliamini anaweza kuiona beringi iliyolika kupitia chuma kizima.

Leshan alileta vyuma Jumamosi alasiri, Baba akiwa machimboni kwenye lori lililolala, gereji imefungwa. Akaviacha nyumbani kwake. Kesho yake baada ya kanisa nilitumwa nikaanze kuchukua konrodi, krenki Leshan ataileta mwenyewe kwa mkokoteni. Baba alinipa na ujumbe. Alijua Kokoo hajalala vizuri tangu ule moto. "Umwambie Kokoo yako asijali. Hizi si kama zile. Hizi ni za kufuliwa."

Nilimkuta Kokoo amekaa nje kwenye kigoda, mbali na mlango, amekazia macho gunia lililokuwa ndani kama mtu aliyeachiwa mbwa wa watu. Niliinamisha kichwa akanigusa.

"Takwenya, Kokoo."

"Iko," akaitikia salamu kwa Kimaa. "Hicho ndio chuma kitabeba mtoto yangu?"

Nikautoa ujumbe kwa fahari, nikaongeza na masomo yangu ya krenki: kwamba havikumwagwa kama uji, vimepigwa nyundo vikiwa moto mpaka vikakubali. Nilingoja afurahi. Uso wake ulifunga.

"Nani alivifua?"

"Sijui, Kokoo. Wa ng'ambo."

"Mhunzi hamjui hata jina, na chuma yake imelala kwa nyumba yangu."

Watu wa rika la Kokoo waliwaogopa wahunzi. Kitu kilichotoka mkononi mwa mhunzi hakikupokelewa hivi hivi; kilipakwa mafuta kwanza, ama mikono ya mpokeaji ipakwe, ndipo ubaya wa moto na nyundo utulie. Leo nikiwaza habari hiyo naona wahunzi walidhulumiwa, watu waliowapa wenzao mikuki na wakanyimwa mkono wa salamu. Lakini siku ile nilimwona nyanya yangu anaogopa, nami nikaogopa naye. Nilikuwa nimemletea hofu kwa miguu yangu mwenyewe.

Alizipanga konrodi zote nne kando ya moto, kwenye mawe ya jiko, mpaka zikashika joto la kutogusika. Akachukua kopo la mafuta ya kondoo, yale meupe mazito, akaniambia nipake nami, kwa kuwa mkono wa mtoto ni safi. Tulitumia kitambaa. Mafuta yaliyeyuka yakakimbia juu ya chuma, yakaingia kila mahali, na Kokoo akawa anasema taratibu kwa Kimaa, akimtaja Enkai, yaani Mungu, na kumtaja Leshan. Zilipopoa tukazipangusa mpaka zikang'aa. Nilipenda kazi ile. Baba naye angezilaza kwenye mafuta taa kesho yake kutafuta ufa, nilijua, na kwangu mafuta ni mafuta. Niliona hao wawili hatimaye wanatibu kitu kimoja, ingawa hawasemezani.

"Hii ni ya mimi na wewe," Kokoo akaniambia nikifunga gunia. "Mkwe yangu asisikie."

Baba alizipokea gerejini moja moja. Ya tatu aliishika zaidi, akasugua kidole gumba kwa kidole cha shahada. "Umepitia wapi?"

"Kwa Kokoo tu."

"Mm," akasema, akamwaga petroli kwenye beseni, akaziosha.

Jinsi alivyotafuta ufa sijaona fundi mwingine akifanya hivyo kwa makini vile. Krenki aliitundika kwa kamba kwenye boriti, akaigonga na kinyundo kidogo, akasikiliza. Nzima hulia kama kengele, mlio mrefu usiotaka kuisha. Yenye ufa hukohoa tu. Ile ya Leshan ililia mpaka mbuzi wa jirani wakainua vichwa. Konrodi alizipima uzito kwa mizani aliyoazima duka la sukari, akapunguza nzito kwa tupa mpaka zote nne zikasimama pamoja. Kisha akazilaza kwenye beseni la bluu lililojaa mafuta taa, zikashinda humo siku nzima.

Mimi ndiye niliyeleta chaki, vipande vya ubaoni nilivyookota darasani na kuvisaga kwenye jiwe. Alizitoa konrodi, akazipangusa zikakauka, akazipulizia ule unga mpaka zikawa nyeupe. Kando yake aliweka moja ya zile za kiwandani, aliyoitendea vivyo hivyo, ili nione. "Mafuta taa inaingia mahali jicho haiwezi," akasema. "Chaki nayo inaivuta itoke. Ngoja." Tukangoja. Kwenye ile ya kiwandani, pole pole, mstari ukajichora katikati ya weupe, mwembamba kama unywele. Nilishika mdomo. Zile nne za kufuliwa hazikuonyesha kitu. Baba alizigeuza juani, akazirudia mara ya pili na ya tatu, akarudisha mbili kwenye beseni na kuzitoa tena. Hakuna kitu. Alikaa juu ya tairi, akanitazama, akatazama upande wa nyumba ya Leshan, akasimama, akakaa tena.

"Ni hizi," akasema mwishowe. Leshan, aliyekuwa amekuja kungoja jibu, alimkumbatia akapakwa chaki kifuani. "Shemeji, wewe ni noma. Hii ngoma sasa itapaa."

Ingeishia hapo ningekuwa mtu mwingine. Lakini siku ya Alhamisi, mashindano yakiwa Jumapili, jerikeni letu la maji lilipata mpasuko chini. Mama hakuhangaika. Alichukua kipande cha sabuni ya kufulia, akausugua ule mpasuko mpaka ukajaa, akalijaza maji na kulisimamisha. Halikutoa hata tone. Nilipiga magoti nikautafuta mpasuko kwa macho na sikuuona tena, ingawa nilijua upo. "Ikishajaa sabuni maji itapitia wapi?" Mama akasema, akaenda zake.

Mimi nilibaki pale chini. Kama ufa umejaa sabuni, maji hayaingii. Kama ufa umejaa mafuta ya kondoo, mafuta taa yataingilia wapi, na chaki itavuta nini? Sikujua kama ufa upo. Hilo ndilo lililonitesa: sikujua, na Baba pia hakujua, ila yeye alidhani anajua.

Siku tatu hizo sikula vizuri wala kuketi. Darasani mwalimu alinisimamisha nyuma kwa kuchezesha miguu. Ijumaa nilikimbia kwa Kokoo nikamwomba ruhusa ya kumwambia Baba. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Alishika shuka yake kifuani akauliza, "Utamwambia mkono yangu iliingia kwa kazi yake? Nitapita wapi tena, entito? Nitarudi Kajiado nife huko." Kisha akanituliza: chuma kimeshapoa, Leshan atarudi. Aliamini. Mama sikumwambia kwa sababu ya lile paja. Ningemwambia nini, kwamba nimembeba tena mama yake na kumvua nguo, safari hii mbele ya gereji nzima? Nilijiona mwovu nikisema, mwovu nikinyamaza, na injini ilikuwa imeshafungwa.

Jumapili uwanda wa Kajiado ulijaa watu, vumbi na redio za magari. Baba alisimama upande mmoja wa njia. Kokoo, ambaye hakuwahi kuja kabla ya hapo, alisimama mbali upande ule ule nyuma ya wanawake wengine, shuka imefunika kichwa, wasionane. Mimi nilikimbia kati yao kama kuku aliyepoteza yai. Kokoo aliuliza gari liko wapi, Baba hakuniuliza kitu. Liliposikika likitoka mbali, sauti yake ikipanda na kupanda, nilimshika Baba mkono.

"Baba. Zile konrodi."

Alikuwa amefumba macho. Jasho lilimtiririka shingoni ingawa upepo ulikuwa baridi. "Nyamaza, Mwaitu," akasema. "Nasikiliza."

Nikanyamaza. Ningeweza kupiga kelele; watu walikuwa na bendera, gari lingesimamishwa. Nilinyamaza na gari jekundu likapita mbele yetu, kofia ya Leshan ikionekana kwa nukta moja, kisha vumbi. Likapita mara ya pili. Kila lilipopotea nyuma ya kilima nilihesabu kwa sauti mpaka lirudi. Lilipomaliza lilikuwa la nne, na kwa watu waliojiundia gari chini ya mgunga hiyo ilikuwa kama kushinda. Leshan alibebwa juu juu. Kokoo alilia akitema mate mikononi kwa baraka. Baba hakusogea alipokuwa, ila alichuchumaa, akatapika kidogo kando ya nyasi, akafuta mdomo, akasema ni vumbi.

Wiki hiyo aliifungua injini, kama ilivyo desturi baada ya mashindano. Nilikuwepo. Konrodi ya tatu ilipotoka hakuhitaji chaki. Ufa ulikuwa umekula zaidi ya nusu ya unene wake, mweusi, na kilichokuwa kimebaki ni chembamba kama ganda la yai. Mzunguko mmoja zaidi, labda miwili. Baba aliiweka juu ya meza, akaifunika kwa kitambaa kama maiti, akafunga gereji saa nne asubuhi.

Hakuunda tena injini ya mbio. Leshan alimbembeleza mwaka mzima, akakata tamaa, akauza gari, akaingia biashara ya kusafirisha mawe. Baba alinunua miwani kwa mchuuzi wa barabarani, fremu kubwa za kahawia, na waliomuuliza aliwaambia macho yameanza kumwacha. Mafundi wa kando ya barabara wakamwita Miwani. Lori likimshinda walimwambia dereva wakicheka: afadhali ungempelekea mtu anayeona. Yeye alicheka nao. Mimi sikuweza. Nilijua macho yale hayana neno, ni mimi niliyeyatia mafuta. Nilipita sekondari na jambo hilo, nikaolewa nalo. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yalizaliwa siku ile ile na hayakutaka kulala.

Kokoo tulimzika Kajiado mwaka jana, mzee sana, amezungukwa na wajukuu. Baba alisimama mbali na kaburi mpaka mwisho, kama ilivyompasa. Alasiri watu walipoanza kutawanyika nilimkuta ameketi peke yake kwenye benchi nyuma ya hema, nikaketi kando yake, na nikasema yote bila kupumua: moto, kitambaa, mafuta ya kondoo, jerikeni. Nikamwambia macho yake hayakuwahi kukosea.

Hakushtuka. Alivua miwani akaifuta kwa shati.

"Zilikuwa zinanuka kondoo," akasema.

Nilidhani sikumsikia vizuri.

"Ukitoa tu kwa gunia nilijua. Petroli inaosha juu, ndani haiwezi. Ilitakikana nizichemshe na magadi, saa moja tu. Sufuria ilikuwa hapo. Magadi ilikuwa hapo."

"Sasa mbona hukuchemsha, Baba?"

"Wewe ungeniuliza naosha nini. Na wewe ungefika kwa mama mzee jioni, umwambie Baba amechemsha ile mafuta yako akamwaga." Alitazama kule kaburini. "Nikasema, aki, pengine hakuna ufa. Nikaangalia chaki mara tatu, nikajiambia hakuna. Ile siku Kajiado nikafunga macho nikangoja isikike ikikatika. Nilikuwa naweka heshima yangu, na mtoto wa wenyewe ndio alikuwa ndani ya gari."

Niliitazama ile miwani mkononi mwake. "Na miwani?"

"Watu wanauliza fundi ameacha kwa nini. Ningewaambia nini?"

Leshan akatokea kando ya hema akichechemea kidogo kama anavyochechemea siku za baridi, kashika vikombe vitatu vya chai kwa vidole vya mkono mmoja. Nywele zake zimekuwa nyeupe. "Shemeji," akasema, "mbona mmejificha huku kama wezi? Njooni kwa watu."

Baba alivaa miwani yake, akajisogeza pembeni mwa benchi, nami nikasogea upande wangu, tukamwachia Leshan nafasi ya katikati.